Rowhammer: biti inapogeuka bila kuguswa

Programu ikiwa na kasoro, unaisasisha na mambo yanaisha. Kasoro ikiwa kwenye chipu ya memori, utasasisha nini?

Kila biti ndani ya RAM ni chaji ndogo ya umeme iliyohifadhiwa kwenye kapasita. Kapasita huvuja, ndiyo maana zote huhuishwa kila baada ya milisekunde 64 hivi. Zimepangwa kwa safu, na hata ukitaka kusoma biti moja tu, lazima safu nzima ifunguliwe. Sasa safu ikifunguliwa na kufungwa mfululizo, inazisumbua jirani zake: zinavuja upesi kuliko kawaida, na 1 inageuka 0 (au kinyume chake) kabla zamu ya kuhuishwa haijafika. Hakuna aliyeandika chochote kwenye safu hizo. Hiyo ndiyo Rowhammer. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na Intel walipima moduli (vijiti vya RAM) 129 za DDR3, kizazi cha memori cha wakati huo, na 110 zikageuza biti. Iliyokuwa dhaifu zaidi ilihitaji kufunguliwa mara 139,000 tu, kazi ya milisekunde chache.

Biti moja ina madhara gani? Inategemea imekaa wapi. Mwaka 2015 timu ya Project Zero ya Google ilijaza memori kwa majedwali ya kurasa, yaani rekodi zinazoieleza prosesa programu ipi iruhusiwe kugusa wapi. Biti ya anwani ikigeuka humo, programu ya kawaida kabisa inaweza kujikuta inaandika kwenye jedwali lake yenyewe. Hapo inajipa ruhusa itakazo, na mfumo endeshi hauna habari.

Watengenezaji wakaja na kinga iitwayo TRR kwenye DDR4, kizazi kilichofuata: chipu inafuatilia safu zinazofunguliwa kupita kiasi na kuhuisha jirani zake. Ila namna inavyofanya kazi waliifanya siri, jambo linaloniudhi kuliko udhaifu wenyewe. Mwaka 2020 shambulio la watafiti liitwalo TRRespass lilionyesha kuwa ukipiga (yaani kufungua mfululizo) safu nyingi kwa pamoja, TRR inapoteza hesabu. Mwaka uliofuata shambulio jingine, Blacksmith, kwa kubadilisha mpangilio wa mapigo, lilizipita moduli zote 40 za DDR4 zilizojaribiwa.

Kwa seva yenye mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazotumia memori moja) za wateja tofauti, mimi sikubali memori isiyo na ECC, mfumo wa kugundua na kusahihisha makosa ya biti. Kwa kawaida ECC husahihisha biti moja iliyogeuka na kugundua mbili. Zikigeuka tatu kwa mpigo, ECC yaweza kudanganyika. Lakini angalau makosa yanaandikwa kwenye logi. Yakianza kurundikana kwenye moduli ileile, ing'oe.