Gavana Hana Amri juu ya Polisi

Kila wizi unapozidi Kondele au Kibuye, hapa Kisumu husikika lawama ile ile: gavana amewaachia polisi wake walale. Dhana hii imedumu tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, nayo si sahihi. Katiba ya 2010 inaiweka kazi ya polisi chini ya serikali ya kitaifa. Polisi wa Kenya na Polisi Tawala ni matawi mawili ya Huduma ya Taifa ya Polisi, na yote huongozwa na Inspekta Jenerali. Hata waziri, kwa mujibu wa Ibara ya 245, hawezi kumwamuru Inspekta Jenerali achunguze kosa fulani au amkamate mtu fulani.

Pengine kinachochanganya watu ni askari wa kaunti, wale tunaowaita kanjo, ambao hakika ni waajiriwa wa kaunti lakini si polisi, kwani kazi yao ni kusimamia sheria ndogo za kaunti kama za masoko na maegesho. Aidha, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi inampa gavana, au mtu atakayemteua, uenyekiti wa Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, ambayo hujadili mahitaji ya usalama wa eneo bila kuwa na uwezo wa kumtuma afisa popote.