"Opportune" ni upepo, "opportunistic" ni mnyemeleaji

Mpwa wangu alinitumia barua yake ya kuomba kazi niipitie kabla hajaipeleka. Kiingereza chake ni kizuri, kinashinda changu nilipokuwa na umri wake. Ila mstari wa kwanza kabisa ulisema anaandika "at this opportunistic time". Mwaka huu nimekutana nalo mara tatu. Mara ya kwanza lilitoka kwa mshereheshaji kwenye sendofu, akitukaribisha mezani kwa "opportunistic moment", na kusema kweli tulivyoyavamia yale mapochopocho hakukosea sana. Mara ya pili lilikuwa kwenye muhtasari wa kikao ambacho sitakitaja.

Maana kwa kifupi: "opportune" ni sifa ya wakati, ule unaolifaa jambo, tunaouita wakati muafaka. "Opportunistic" ni sifa ya anayeuvizia wakati huo kwa faida yake. Aliyewahi kukaa kwenye semina ya Ukimwi ameshalisikia kwa Kiswahili, tena kwa tafsiri iliyolipiku Kiingereza chenyewe: magonjwa nyemelezi. Kifua kikuu, fangasi za mdomoni, vyote vinasubiri kinga ishuke ndipo viingie kwa kunyata kama paka jikoni. Sasa hebu msome tena mwombaji kazi anayesema anakuandikia katika wakati nyemelezi.

"Lakini mjomba, si yote yanatoka kwenye opportunity?"

Yanatoka huko, na ndiyo maana yanachanganya. Ila mzizi wenyewe uko mbali zaidi, uko baharini. Kwa Kilatini "portus" ni bandari, na "ob" hapo ina maana ya kuelekea. Warumi waliuita "opportunus" upepo unaokisukuma chombo kuelekea bandarini. Waliijali bandari kiasi cha kuipa mungu wake, Portunus, aliyekuwa na sikukuu yake kila tarehe 17 Agosti.

Mtu wa pwani hahitaji kamusi hapo. Kaskazi ikivuma, kuanzia kama Desemba hadi Machi, ndipo majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalipokuwa yakishuka Lamu, Mombasa na Unguja. Ikifika Aprili upepo unageuka, kusi inashika, na baada ya ukali wake wa mwanzo kupoa wageni wanatweka tanga kurudi kwao. Nahodha anayeingia bandarini na upepo wa tezi hajamfanyia mtu ujanja. Upepo umekuja wenyewe, yeye kazi yake ilikuwa kuwa tayari na tanga lake. Kwa hiyo "opportune" haina lawama hata chembe, wala haina sifa kwa mtu. Sifa ni ya upepo.

Kinyume chake kinanifurahisha zaidi. "Importunus" ni kisicho na bandari, pasipofikika, na kutoka hapo likawa neno la mtu msumbufu. Kwetu chombo kinachokwenda dhidi ya upepo kinapiga bisho, kinabisha. Na yule rafiki wa kwenye Injili ya Luka, aliyekwenda usiku wa manane kuomba mikate mitatu wenzake wamelala, naye alikuwa anabisha, mlangoni. Biblia ya Kiingereza ya 1611 inaiita tabia yake "importunity". Paulo anapomwagiza Timotheo alihubiri neno "wakati ukufaao na wakati usiokufaa", Biblia ya Kilatini imeandika "opportune, importune", maneno mawili tu: upepo ukiwepo, na upepo usipokuwepo.

Sasa nyemelezi aliingia lini? Hapa siasa ndiyo yenye makosa. Ufaransa, miaka ya 1870, wanasiasa wa upande wa Léon Gambetta walikuwa wakisema mageuzi fulani yatafanywa wakati utakapokuwa muafaka. Wapinzani wao wakawabandika jina la "opportunistes", nalo likaganda. Neno lililokuwa la upepo likahamia kwa mtu, na likiwa kwa mtu likanuka. Madaktari walilichukua likiwa limeshanuka hivyo hivyo.

"Timely" nalo lina wagonjwa wake, hasa maofisini, ambako kila ripoti inatakiwa "in a timely manner" na wote tunaelewa kwamba isicheleweshwe. Sibishani na maofisa, matumizi hayo yameshakubalika. Lakini basi linaloondoka saa kumi na mbili kamili limeondoka kwa wakati, kwa maana kuna ratiba ukutani. Mvua inayonyesha wiki ile mahindi yanatoa mbelewele haina ratiba ukutani. Hiyo imekuja kwa wakati wake. Kile kineno cha mwisho, "wake", ndicho "timely" ya asili, na bibi yangu ambaye hakusoma Kiingereza hata siku moja hakuwahi kuyachanganya hayo mawili.

"Seasonable" na "seasonal" nitayapita mbio: baridi ya Njombe mwezi Julai ni "seasonable", inaufaa msimu wake, kibarua cha kuchuma karafuu ni "seasonal", kinakuja na msimu na kuondoka nao. Na huo msimu wetu, wa Kiarabu "mawsim", ndio Wareno walioubeba hadi Kiingereza kikapata "monsoon". Tunazungushana upepo ule ule.

Kuna anayeuliza kama "muafaka" inatosha kutafsiri "opportune". Inatosha. Haina bandari ndani yake, ina kuafikiana. Wazanzibari waliziita Muafaka zile hati za makubaliano za CCM na CUF, ya 1999 na ya 2001, na ni neno hilo hilo. Wakati muafaka ni wakati uliokubaliana na jambo. Taufiki ni ndugu yake wa damu. Mnafiki siye, ingawa anafanana nao sura: mzizi wake Kiarabu ni mwingine kabisa. Nalisema kwa sababu kuna mtu alishanihakikishia, kwa sauti kubwa, kwamba mnafiki ni yule anayeafiki kila kitu.

Nikamwandikia mpwa wangu hayo yote, kwa ufupi kidogo kuliko hapa. Baada ya nusu saa akajibu: "Ahsante mjomba, nimebadilisha." Nikafungua barua. Sasa alikuwa anaandika "at this auspicious time".

"Auspicious" linatokana na makuhani wa Roma waliotazama ndege wanavyoruka ndipo waamue kama jambo lifanyike. Wazee wetu wangelielewa mara moja, maana nao walisema safari hii ina ndege njema, au wakarudi nyumbani kwa sababu wamekutana na ndege mbaya. Ni neno la harusi na uzinduzi. Barua ya kuomba kazi ya stoo haihitaji ndege.

Nimemshauri aufute mstari wote. Juu ya barua, upande wa kulia, aandike tarehe.