Je, wajua kwa nini mtumwa kutoka Moroko ndiye aliyewasemea Wahispania Amerika?

Mwaka 1542 kilichapwa Hispania kitabu cha Álvar Núñez Cabeza de Vaca, mmoja wa watu wanne walionusurika katika msafara wa mamia. Mwishoni anawataja wote wanne. Watatu, yeye akiwemo, wanatajwa pamoja na wazazi wao. Wa nne anapewa maneno machache tu: anaitwa Estevanico, ni Mwarabu mweusi, mzaliwa wa Azemmour.

Ajabu ni kwamba katika kitabu hicho hicho, huyu aliyetajwa kwa mkato ndiye aliyekuwa akizungumza na kila taifa walilolipitia. Ilikuwaje?

Azemmour ni mji wa pwani ya Moroko uliotekwa na Wareno mwaka 1513. Mwaka 1527 Estevanico alikuwa mtumwa wa Mhispania Andrés Dorantes, na wote wawili wakapanda merikebu za Pánfilo de Narváez, aliyetumwa kuiteka Florida. Aprili 1528 walishuka pwani, na Narváez akafanya kosa lililowaua karibu wote: aliachana na merikebu zake akaingia bara na watu wapatao 300 kutafuta dhahabu. Merikebu hawakuziona tena, na dhahabu haikuwepo. Walichokipata ni mabwawa, homa na mishale ya wenyeji, ambao hawakuwa na sababu ya kuwakaribisha.

Waliporudi ufukweni wakiwa na njaa, wakaamua kuunda mashua. Fundi seremala alikuwa mmoja tu. Vikuku vya kupandia farasi na vyuma vingine viliyeyushwa vikafuliwa kuwa misumari, misumeno na mashoka. Mashati yakashonwa matanga. Singa za farasi zikasokotwa kamba, na ngozi za miguu ya farasi hao zikachunwa nzima nzima ziwe viriba vya maji. Kila siku ya tatu farasi mmoja alichinjwa, nyama ikagawiwa wagonjwa na waliokuwa kazini. Mashua tano ziliondoka Septemba 1528. Viriba vikaoza njiani, na Novemba bahari ikawatupa waliobaki katika kisiwa kwenye pwani ya Texas ya leo. Katika wale 80 hivi waliotua hapo, majira ya baridi yalibakisha 15.

Miaka iliyofuata iligeuza mambo juu chini. Wenyeji waliwafanya Wahispania watumishi wao: kuchimba mizizi majini, kubeba kuni, kutembea uchi, kupigwa. Dorantes mwenyewe, bwana wa Estevanico, alikuwa sasa mtumwa kama yeye. Waliposalia wanne tu, yaani hao wawili, Cabeza de Vaca na Alonso del Castillo, walitoroka pamoja mwaka 1534 wakashika njia ya magharibi.

Kilichowaokoa ni uganga. Ulianzia kisiwani walikotupwa, ambako wenyeji waliwaambia waponye wagonjwa, na walipokataa wakanyimwa chakula mpaka wakubali. Walimpulizia mgonjwa, wakamfanyia ishara ya msalaba na kusoma sala zao za Kikatoliki. Mara moja Cabeza de Vaca alipasua kifua cha mtu kwa kisu, akatoa ncha ya mshale na kushona jeraha nyuzi mbili; mtu akapona. Sifa zikatangulia mbele yao. Kuanzia hapo walisindikizwa na mamia ya watu kutoka kijiji hadi kijiji, kila kijiji kikiwakabidhi kwa kingine.

Na hapa ndipo jibu lilipo, tena Cabeza de Vaca analitoa mwenyewe. Anasema walikuwa na heshima kubwa mbele ya wenyeji, na ili kuilinda walisema nao kwa nadra sana. Aliyezungumza daima ni yule mtu mweusi: yeye ndiye aliyeulizia njia, vijiji vilivyo mbele na kila walichotaka kujua. Waganga wakubwa hawapayuki ovyo, kwa hiyo kazi ya kusema ikaangukia kwa mtumwa.

Naona Wahispania hawakutambua walichokuwa wanampa. Wao walibaki na ukimya wao wa kiungwana, naye akabaki na habari zote. Walijua lugha sita, na kwingine walitumia ishara. Anayezungumza kila siku ndiye anayezidi kuzijua, na ndiye anayefahamika kwa watu. Mwaka 1536, walipofika kaskazini magharibi ya Meksiko, Cabeza de Vaca alikuwa na Estevanico na wenyeji 11 pale alipokutana na Wahispania wanne wapanda farasi, ambao walibaki wameduwaa wakimtazama. Aliyerudishwa kuwachukua wenzao wawili waliobaki nyuma ni Estevanico. Njia aliijua.

Antonio de Mendoza, liwali wa mfalme huko Meksiko, alitaka kujua kama kaskazini kuna miji ya dhahabu. Wahispania watatu hawakuongoza safari hiyo. Mendoza akamchukua Estevanico kutoka kwa Dorantes, na mwaka 1539 akamtuma pamoja na mtawa Marcos de Niza. Walikubaliana Estevanico atangulie na kutuma misalaba: wa shibiri moja kama habari ni ya kawaida, wa shibiri mbili kama ni kubwa, na mkubwa zaidi kama nchi inaishinda Meksiko. Siku nne baadaye mtawa aliletewa msalaba wenye kimo cha mtu. Estevanico hakumngoja.

Alifika karibu na Hawikuh, mji wa Wazuni katika New Mexico ya leo, akatanguliza manyanga yake ya uganga yenye njuga na manyoya mawili, jeupe na jekundu. Kwa taarifa ya mtawa, mkuu wa mji aliyatupa chini kwa hasira, akasema anawajua wenye vitu vile. Estevanico aliuawa hapo.

Sababu zinatofautiana. Coronado, kamanda aliyefuata, aliandika kwamba wenyeji walimtuhumu kudhulumu na kuua wanawake, na kwamba hakuwa kama Wakristo, eti wao hawaui wanawake. Kwa kauli hiyo ya mwisho, barua yote naisoma kwa tahadhari. Naamini zaidi aliyoyasikia Hernando de Alarcón mwaka 1540 kwenye mto Colorado. Aliambiwa kwamba mkuu wa mji alimuuliza Estevanico kama ana ndugu. Akajibu anao wasiohesabika, wana silaha, na hawako mbali. Wakuu wakakutana, wakaamua afe asije akawaambia ndugu hao wanakoishi.

Julai 1540 Coronado alifika Hawikuh na askari wake, akauteka mji. Dhahabu hakuikuta.