Utitiri mwekundu wa nyanya: ni nini hasa, na kwa nini dawa ya wadudu humzidisha

Hata asiyewahi kushika jembe analijua neno hili kupitia "utitiri wa kodi" au "utitiri wa tozo": vitu vidogo vidogo, vingi, vinavyokunyonya kwa pamoja. Mfugaji wa kuku analijua kwa vijidudu vinavyotambaa bandani usiku. Kwa mkulima wa nyanya, utitiri ni kiumbe wa nusu milimita hivi, wa rangi ya chungwa iliyokolea hadi nyekundu, anayeishi upande wa chini wa jani na kulikausha bila kulitoboa wala kulitafuna. Kenya wako wanaomwita buibui mwekundu, na jina hilo linasema ukweli ambao dukani husahaulika.

Utitiri si mdudu. Mdudu ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu. Utitiri aliyekomaa ana miguu minane, hana mabawa wala vipapasio, na ukoo wake ni buibui, kupe na nge. Hili si jambo la darasani tu. Sumu nyingi zinazouzwa kama dawa ya wadudu huua vidukari, inzi weupe na viwavi, lakini utitiri huzipita akiwa mzima. Anayekwenda duka la pembejeo na kuomba "dawa ya wadudu wa nyanya" bila kusema utitiri, mara nyingi hurudi na kitu kisichomhusu.

Shambani wapo wawili wa kuwajua. Mmoja ni Tetranychus urticae, utitiri wa madoa mawili: mwili wa kijani-njano wenye doa jeusi kila ubavu. Huyu hachagui. Hula maharage, matango, papai, bangi, na waridi wa mashamba ya Naivasha. Mwingine ni Tetranychus evansi, mgeni kutoka Amerika ya Kusini. Kusini mwa Afrika aliripotiwa Zimbabwe mwaka 1979, kisha akapanda kaskazini hadi Malawi, Zambia, Tanzania na Kenya. Hupenda zaidi jamii ya nyanya: nyanya yenyewe, mnavu, bilinganya, nyanya chungu, viazi mviringo, na magugu kama ndulele. Ndiye anayeacha shamba zima likiwa kama limepitiwa na moto. Mmea ukishambuliwa, kwa kawaida hutengeneza kemikali za kujihami. Evansi ana uwezo wa kuzizima, na ndiyo maana mnyanya unaoweza kupambana na wengine kwake hulala.

Uzazi wake ndio unaoeleza kasi yake. Yai, dogo na la mviringo kama tone la maji, hutagwa chini ya jani. Hutoka kitoto cha miguu sita, kisha hupita hatua mbili za miguu minane kabla ya kukomaa. Kwa joto la nyuzi 25 safari hiyo huchukua takriban wiki mbili. Joto likipita nyuzi 30, huwa wiki moja na ushei. Jike mmoja hutaga zaidi ya mayai 100 maishani. Asipopandwa, mayai yake bado huanguliwa, ila yote huwa madume, naye anaweza kupandwa na hao hao na kuanza kutaga majike. Kwa hiyo jike mmoja aliyeletwa na upepo, au aliyenasa kwenye shati la kibarua, anatosha kuanzisha ukoo. Kiangazi kikichanganyika na vumbi la barabarani, mistari ya pembeni mwa shamba ndiyo huanza.

Anakula kwa sindano mbili za mdomoni. Huchoma chembe (seli) moja ya jani, hunyonya kilichomo pamoja na ukijani wake, huhamia chembe inayofuata. Kila chembe iliyokaushwa huonekana juu ya jani kama nukta nyeupe-njano, ndogo kuliko ncha ya kalamu. Nukta hizo zikiwa chache, jani huonekana kama limenyunyiziwa unga laini wa mahindi. Zikiungana, jani hugeuka njano, kisha rangi ya shaba, kisha hukauka likiwa bado linaning'inia. Utando mwembamba unaozingira vikonyo na vichomozo huja baadaye. Ukiuona kwa macho ukiwa umesimama, umeshachelewa wiki mbili au tatu. Utitiri wakizidi hupanda kileleni, hujikusanya kama kibonge chekundu, na huning'inia kwa uzi wakingoja upepo uwahamishe.

Kumtambua kabla ya hapo hakuhitaji maabara. Tembea shambani kwa mtindo wa zigizaga, simama kwenye miche 20, anzia pembezoni, na kila mche geuza majani matatu ya chini na ya katikati. Lenzi ya mkono inayokuza mara 10 inatosha. Utaona vitu vinne kwa pamoja: utitiri wanaotembea polepole, mayai, magamba meupe waliyojivua, na nyuzi. Kama huna lenzi, shika karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge mara tatu, subiri kidogo. Nukta zinazotembea si vumbi. Zipitishie kidole; michirizi yenye rangi ya chungwa au kijani inathibitisha. Lakini nukta ya rangi ya chungwa inayokimbia mbio, yenye umbo kama la pea, huenda ni mwindaji wa utitiri, na huyo ni rafiki. Mwache.

Makosa ya utambuzi ni mengi, na kila kosa lina gharama yake. Upungufu wa magnesiamu huleta njano kati ya mishipa ya majani ya chini huku mishipa yenyewe ikibaki kijani. Hakuna nukta wala kitu chini ya jani, na hapo hakuna dawa ya kupuliza utitiri itakayosaidia. Thiripi, wadudu wadogo wembamba, huacha mabaka yanayong'aa kama fedha pamoja na vitone vyeusi vya kinyesi. Anayechanganya zaidi ni utitiri wa kutu, Aculops lycopersici: shina na majani ya chini hugeuka rangi ya shaba kama yamepakwa mafuta, ugonjwa ukipanda juu, bila utando wowote. Huyo ni mdogo mno kiasi kwamba lenzi ya mara 10 humkosa. Habari njema ni kwamba salfa humuua vizuri.

Sasa tuje kwenye jambo linaloumiza zaidi, kwa sababu hasara yake mkulima huinunua kwa pesa yake. Tangu kantangaze, yule kiwavi wa Tuta absoluta, alipoingia Tanzania na Kenya mwaka 2014, mashamba ya nyanya hupulizwa mara nyingi sana, na dawa rahisi dukani ni za kundi la pairethroidi. Dawa hizo huua kwanza wawindaji wa utitiri: kobe-mdudu mweusi wa jenasi ya Stethorus, ambaye ni mdogo kama punje ya ulezi, na utitiri wawindaji. Utitiri wanaokula nyanya wenyewe hujificha chini ya jani ambako dawa haifiki, na wanaoguswa kidogo hutawanyika kwenda mimea mipya. Dawa nyingine ya wadudu, imidaklopridi, nayo imeonekana kuongeza milipuko ya utitiri. Matokeo ni shamba lililopulizwa kila wiki na bado linakauka, na mkulima anayeongeza dozi akidhani dawa ni feki. Mara nyingine ni feki kweli. Mara nyingi siyo dawa inayomfaa.

Udhibiti huanza kwenye kitalu. Usipeleke shambani mche wenye nukta, hata kama ni mmoja. Ng'oa mnavu pori na ndulele pembezoni wiki mbili hivi kabla ya kupanda, na zao likiisha usiache mashina yamesimama yakisubiri nafasi ya kusafishwa; yafukie au yachome siku chache baada ya mavuno ya mwisho, kwa kuwa shamba kuukuu ndilo kitalu cha utitiri kwa shamba jipya la jirani. Anzia kazi kwenye eneo safi, malizia kwenye lililoathirika, sio kinyume chake. Mwagilia kwa wakati: mnyanya wenye kiu huumia mara mbili. Maji ya kunyunyiza juu hupunguza utitiri na kuosha vumbi, lakini kwenye nyanya hukaribisha ugonjwa wa bakajani, hivyo si mbinu ya kutegemea.

Ukimkuta kwenye miche michache, kata majani yaliyoathirika, yatie kwenye mfuko wa plastiki hapo hapo, ufunge, na uuache juani. Usiyaburute katikati ya mistari. Kisha pulizia eneo hilo na mistari miwili mitatu inayolizunguka. Sabuni ya maji isiyo na dawa ya madoa, ml 10 hadi 20 kwa lita moja ya maji, huua wanaoloweshwa tu; ikikauka kazi yake imeisha. Mwarobaini: twanga kokwa zilizokauka, loweka gramu 50 kwa lita moja ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo ili ishike, pulizia jioni maana jua huivunja nguvu. Jaribu kwanza kwenye miche mitano na usubiri siku mbili uone kama majani yanaungua.

Salfa ya unga unaoyeyuka, yenye nguvu ya asilimia 80, hutumika gramu 40 hadi 50 kwa bomba la lita 20. Usiipulize joto likipita nyuzi 30, na usiikaribishe na dawa yoyote ya mafuta ndani ya wiki mbili. Vyote viwili huchoma majani.

Dawa za viwandani za utitiri zipo, na kila moja ina udhaifu wake. Abamektini hupenya ndani ya jani na kuua wanaotembea, lakini mayai huyaacha; ile ya gramu 18 kwa lita mara nyingi huelekezwa ml 10 kwa bomba la lita 20, ila lebo ya chupa uliyonayo ndiyo yenye neno la mwisho. Heksithiazoksi huua mayai na watoto, wakubwa huwaacha. Spiromesifeni huathiri zaidi mayai na wachanga. Hii ndiyo sababu kupuliza mara moja hakutoshi: rudia baada ya siku 5 hadi 7, waliokuwa mayai wakiwa wameanguliwa na hawajaanza kutaga. Mpulizo wa tatu utumie dawa ya kundi jingine. Angalia namba ya kundi kwenye lebo, si jina la biashara, kwani majina matatu yanaweza kuwa abamektini ile ile ya kundi la 6, na utitiri hujenga usugu haraka kuliko karibu kiumbe yeyote shambani. Dikofoli, iliyotumika miaka mingi, iliingizwa mwaka 2019 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa. Usiikubali hata kwa bei ya bure.

Mkono unaopuliza huamua mengi. Tumia nozeli ya koni, geuza fimbo ya bomba itazame juu, ingiza chini ya mmea na uipandishe polepole hadi sehemu ya chini ya majani ilowe. Eka moja ya nyanya zilizokomaa huhitaji mabomba 10 hadi 15 ya lita 20. Aliyemaliza eka kwa mabomba manne amelowesha juu tu. Puliza asubuhi mapema au jioni, vaa glavu, barakoa na mikono mirefu, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo: nyanya huliwa mbichi kwenye kachumbari jioni hiyo hiyo.

Kuhusu wawindaji wa kununua: utitiri mwindaji Phytoseiulus persimilis hufanya kazi nzuri dhidi ya utitiri wa madoa mawili kwenye waridi, lakini kwa evansi hafui dafu, kwani windo hilo halimfai na nywele zenye gundi za mnyanya humkwamisha. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walileta nduguye Phytoseiulus longipes kutoka Brazil kwa sababu huyo humla evansi. Kituo hicho hicho ndicho kilichochagua kuvu Metarhizium anisopliae aina ya ICIPE 78 kwa ajili ya utitiri. Kuvu ni kiumbe hai: hupulizwa jioni hewa ikiwa na unyevu, huchukua siku kadhaa kuua, na hachanganywi bomba moja na dawa ya ukungu, kwa maana itamuua yeye kwanza.

Siku tatu baada ya kila mpulizo, rudi na lenzi kwenye miche ile ile. Majani yaliyokwisha kuwa shaba hayarudi kijani, kwa hiyo usiyatazame hayo. Geuza majani mapya ya juu: yakiwa hayana nukta na chini yake kuna magamba matupu tu, mpulizo umefika. Ukikuta mayai yanang'aa na watoto wa miguu sita, hesabu siku zako na ujaze bomba tena.