Msikiti Uliwatangulia Washirazi

Ni nadra nizungumze mbele ya watu kuhusu magofu ya pwani yetu bila mtu mmoja kuinuka na kusema, kwa yakini isiyo na chembe ya shaka, kwamba Waarabu na Waajemi walihamia huku kwa wingi, wakajenga miji ya mawe, wakaleta dini yao, na wenyeji wakaipokea kwa kuwa ndiyo iliyokuwa dini ya wenye mji. Juma lililopita aliyesema hivyo alikuwa mwalimu wa historia wa sekondari, mtu msomi na mwenye nia njema, naye akaongeza kwamba mjadala umekwisha kwa sababu DNA imeshathibitisha. Nimeona niandike kwa urefu, kwa maana jibu fupi nimelitoa mara nyingi mno na halijafaa kitu.

Kosa limo katika dhana inayobeba usemi huo, kwamba dini kubwa hufika mahali kwa kuchukuliwa na umati wa watu wanaohama, kiasi kwamba ukiona msikiti wa kale inakupasa utafute taifa geni lililoujenga. Zipo nchi ambako mambo yalikwenda hivyo. Lakini Indonesia, yenye Waislamu wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, haikusilimu kwa kujaa Waarabu, na Ubuddha uliozaliwa India ulistawi China na Japani bila Wahindi kuhamia huko kwa maelfu, huku ukififia kwao. Ukristo wa Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia, ulishika mizizi katika karne ya 4, enzi za Mfalme Ezana, kwa kazi ya Frumentius wa Tiro, ambaye alifika huko kijana na akiwa mateka. Sitazunguka dunia zaidi ya hapo, kwani pwani yetu inatosha.

Tuanze na Shanga, katika kisiwa cha Pate. Mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba hapo katika miaka ya 1980, chini ya msikiti wa Ijumaa alikuta misikiti mingine, mmoja chini ya mwingine, na wa chini kabisa ulikuwa kijumba cha miti na udongo cha mwishoni mwa karne ya 8, ambacho kingetosha safu chache tu za waumini. Watu husikia habari hiyo wakashangazwa na umri wake, ilhali chenye uzito zaidi ni kile kilichokizunguka kijumba hicho. Nyumba zilikuwa za miti na udongo kama chenyewe, na vigae vilivyotapakaa kwa wingi ni vya vyungu vya mapokeo ya Tana, yaani mtindo wa ufinyanzi wa wenyeji, vyenye michoro ya pembetatu shingoni, vile vile vinavyopatikana katika vijiji vya wakulima ndani ya bara. Vipande vya vyombo vilivyotoka Ghuba ya Uajemi vipo, lakini ni vichache mno vikilinganishwa na hivyo. Zipo pia sarafu ndogo za fedha zenye majina ya Kiislamu, zilizopigwa papo hapo. Mchimbaji anayesoma tabaka hutafuta mahali ambapo mfuatano unakatika, yaani pale inapozuka ghafla namna nyingine ya kujenga, ya kufinyanga na ya kupika, kwa kuwa ndivyo watu wapya wanavyojitambulisha ardhini. Katika tabaka za msikiti ule wa kwanza hakuna mkatiko wa aina hiyo. Mji ni ule ule na jiko ni lile lile. Panapobadilika ni mahali pa kusalia, ambapo panapanuliwa tena na tena kadiri waumini wanavyoongezeka.

Mawe yalikuja baadaye, nayo yana hadithi yao. Mtu akisimama mbele ya mihirabu ya Kizimkazi, kusini mwa Unguja, atayaona maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na akiwa mjuzi atatambua kwamba mtindo wake unafanana na wa Siraf, bandari ya Uajemi. Anaona sawasawa. Ila asiishie kwenye herufi. Aangalie na jiwe lenyewe, ambalo ni tumbawe la bahari yetu, la aina inayochongwa ikiwa bado mbichi na laini, maana ikishakauka hugeuka ngumu na kumshinda fundi. Kulijua tumbawe lipi linafaa, kulitoa baharini kwa wakati wake na kulichonga kabla halijakauka ni ujuzi wa watu wanaoijua bahari hii. Huenda mkono ulioandika ulitoka ng'ambo, au ulifundishwa na aliyetoka ng'ambo, na hilo halinisumbui hata kidogo. Ninachokataa ni kuuchukua mkono huo wa mwaka 1107 kuwa ushahidi wa nani alileta dini iliyokuwa ikiswaliwa Shanga zaidi ya miaka 300 kabla.

Wanaotegemea Tarehe ya Kilwa, yaani historia ya kale ya watawala wa mji huo, wananitia uchovu zaidi, kwa sababu wengi wao hawajaisoma. Inasimulia juu ya majahazi 7 yaliyotoka Shiraz, mji wa Uajemi, na mtu aliyekinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo zilizotosha kukizungushia, na hapo ndipo wasimuliaji husimama. Nakala ya Kiarabu inasema wazi kwamba wageni hao waliposhuka walimkuta kisiwani Mwislamu pamoja na watoto wake, jina lake Muriri wa Bari, na kwamba msikiti tayari ulikuwepo. Hebu tulitafakari hilo. Simulizi iliyoandikwa ili kuwatukuza watawala waliojinasibisha na Shiraz, katika karne ya 16 walipokuwa wamenyang'anywa mengi na Wareno na walihitaji kila sifa ya nasaba, haikuthubutu kudai kwamba Washirazi ndio walioanzisha Uislamu Kilwa. Mwandishi wake alijua kwamba wasikilizaji wa mji huo wasingelikubali dai hilo.

Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Misikiti ya Mombasa aliyoiona ilikuwa ya mbao, iliyojengwa kwa ustadi. Watu wa Kilwa aliwaeleza kuwa wengi wao ni Wazanji, jina ambalo Waarabu waliwaita watu weusi wa pwani hii, weusi sana, wenye chale usoni, wacha Mungu, wafuasi wa madhehebu ya Shafi. Hakuona mgongano wowote kati ya chale na ucha Mungu, na sijui kwa nini sisi tuuone.

Sasa nije kwenye DNA, ambayo ndiyo iliyoniketisha kuandika. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwezi Machi 2023 ulichunguza mabaki ya watu 80, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara, kati ya miaka ya 1250 na 1800. Ulionyesha kwamba wengi wao walikuwa na nasaba ya pande mbili: ya Kiafrika, iliyopitia zaidi kwa akina mama na ambayo kwa wengi ilizidi nusu, na ya Asia, iliyopitia zaidi kwa akina baba, ambayo sehemu yake kubwa ilitoka Uajemi na sehemu ndogo India. Mchanganyiko huo ulianza kuonekana kuanzia takriban mwaka 1000. Nasaba ya Arabia ilizidi kuingia baada ya mwaka 1500. Ni kazi nzuri, na imewaumbua wale waliokuwa wakidai kwamba nasaba ya Shirazi ilikuwa uzushi mtupu wa watu waliotaka kujikweza. Hilo nalikubali bila kinyongo.

Lakini tarehe hizo zisomwe kwa utaratibu. Msikiti wa kwanza wa Shanga ni wa mwishoni mwa karne ya 8, na mchanganyiko wa damu unakadiriwa kuanza takriban mwaka 1000. Kilichotangulia kwa karne mbili hakiwezi kuwa kimeletwa na kilichofuata. Kwa maoni yangu mfuatano huo unatuelekeza upande wa pili kabisa, kwamba mabaharia wa Kiajemi waliweza kuoa katika nyumba kubwa za pwani kwa sababu walikuta nyumba hizo zimeshakuwa za Kiislamu, na ndoa kati yao ikawa jambo linalowezekana kisheria na kiheshima. Mgeni aliyekuja na kaskazi alilazimika kusubiri kusi ndipo arudi, na katika miezi hiyo alikula, alilala na kuhifadhi mali yake kwa mwenyeji. Watoto waliozaliwa walikulia upande wa mama, wakazungumza lugha ya mama, ambayo ni ya kundi la Sabaki pamoja na Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro, na haikuwa Kiajemi wala Kiarabu.

Kuna jambo la pili ambalo magazeti hayakulisema. Makaburi yaliyochunguzwa mengi yako karibu na misikiti na katika sehemu za heshima za miji ya mawe, na waliozikwa humo walikuwa zaidi watu wa tabaka la juu. Mababu wa anayeishi leo katika nyumba ya makuti nje ya ukuta wa mji, walioishi hivyo hivyo, hawakuzikwa humo. Kuzichukua nasaba za matajiri wa Mtwapa kuwa nasaba za Waswahili wote ni kukosa adabu kwa wafu waliokuwa wengi zaidi.

Anayesisitiza bado kwamba dini huletwa na wingi wa wageni au nguvu ya watawala atupatie maelezo ya karne zilizofuata. Wareno walifika pwani mwaka 1498, wakajenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593, na hata mtawala wa Mombasa waliyemlea katika Ukristo huko Goa, Yusuf bin Hassan, aliwageuka mwaka 1631. Walipoondolewa mwaka 1698 hawakuacha Waswahili Wakristo wa kuhesabika. Waomani walitawala baada yao, Seyyid Said akahamishia makao yake Unguja, na walioingia safari hiyo walikuwa wahamiaji wa kweli, wenye familia, mashamba na dola. Walikuwa Ibadhi, madhehebu mengine ya Kiislamu, lakini Waswahili walibaki Shafi. Kinyume chake, wanazuoni wachache wenye asili ya Hadhramaut, huko Yemen, walibadilisha sura ya elimu ya dini pwani nzima, kama alivyofanya Habib Saleh, aliyetoka Komoro na kuianzisha Riyadha, msikiti na chuo cha dini cha Lamu. Na Ukristo wa bara, ambao husemwa kuwa wa Wazungu, ulisambazwa zaidi na makatekista Waafrika: Apolo Kivebulaya, Muganda, aliupeleka hadi Boga, ambayo leo iko Kongo.

Nisifiche yanayonisumbua. Al-Masudi, mwandishi na msafiri wa Kiarabu aliyesafiri hadi kisiwa cha Qanbalu mwaka 916 kwa mara yake ya mwisho, aliandika kwamba Waislamu wa huko walikiteka kisiwa na kuwafanya mateka Wazanji waliokuwemo, katika kipindi ambacho dola ya Bani Umayya ilikuwa ikiwapisha Bani Abbas. Hiyo ni karne ya 8 ile ile ya Shanga, na ni simulizi ya uvamizi, kinyume kabisa na picha niliyoichora. Hapo hapo anasema Waislamu hao walizungumza Kizanji, jambo gumu kulilinganisha na wavamizi kutoka mbali. Nimelipima mara nyingi na bado naegemea upande wa vyungu, ila sitamwambia mwanafunzi kwamba al-Masudi hayupo.

Wala siridhiki na maelezo tunayoyatoa sisi wenyewe, kwamba wenyeji walisilimu kwa ajili ya biashara. Unguja Ukuu ilikuwa ikipokea bidhaa za Ghuba tangu karne ya 7. Wagiriama waliuza pembe za ndovu na nafaka kwa Waislamu wa pwani karne nyingi bila kuiacha ibada ya kaya zao, yaani vijiji vyao vitakatifu vya msituni. Kama faida ingetosha kumsilimisha mtu, wangekuwa wa kwanza. Watu wa Shanga waliamini, na imani yao inastahili kuhesabiwa kuwa sababu.

Udhaifu mkubwa wa hoja yangu uko kwenye tarehe ya mchanganyiko. Ile ya mwaka 1000 ni makadirio yaliyokokotolewa kutoka kwa watu waliozikwa kuanzia mwaka 1250, na makadirio ya namna hiyo huweza kuuficha mchanganyiko mdogo uliotangulia. Jibu lake liko katika mifupa ya karne ya 8 na ya 9 kutoka makaburi ya kale kabisa yanayoelekea kibla, na ikionyesha nasaba ya Ghuba, nitalazimika kuyaandika upya niliyosema juu ya Shanga. Lakini hao ni Waislamu waliozikwa kwa taratibu zao, katika ardhi ambayo wazee wa vijiji jirani bado huizuru na kuisomea dua, na ruhusa ya kuwagusa ni ya wazee hao kuitoa au kuinyima kabla yeyote kati yetu hajashika mwiko wa kuchimbia.