Klova ya milimani ni nini, na kwa nini haikai Mwanza

Klova ya milimani ni mmea wa porini wa jamii ya mikunde, ndugu wa kunde na maharage. Hutambaa ardhini na kutoa vichwa vidogo vya maua meupe, pengine yenye uwaridi kwa mbali. Jina lake la kisayansi ni Trifolium semipilosum. Trifolium ni majani matatu, maana kila kikonyo hubeba vijani vitatu. Semipilosum ni nusu vinyweleo. Hivyo vinyweleo ndivyo vya kuangalia: klova nyeupe iliyotoka Ulaya ni laini tupu, hii ukipitisha kidole kwenye kikonyo utavihisi. Kwao ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia, kuanzia kama mita 1,400 hadi 3,000 juu ya usawa wa bahari.

Ni mmea wa kudumu. Kiangazi kikali huweza kumaliza majani yote ukadhani umekufa, kumbe mzizi mkuu uko hai chini na mvua zikirudi unachipua. Mashina nayo hutia mizizi kwenye vifundo yanapogusa udongo, kwa hiyo zulia zima huenda lilianzia kwenye mbegu moja.

Sasa Mwanza. Wengi hudhani ziwa likiwa jirani mambo yote yanawezekana, lakini kinachokosekana hapa ni ubaridi. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi, na mchana joto hufika nyuzi 28 na zaidi. Ongeza luseni, udongo wetu wa kichanga wa vilimani usioshika maji kuanzia Juni hadi Agosti. Ukishuka mbugani, yaani kwenye udongo mzito wa bondeni, maji yanatuama. Kanda ya Ziwa, pa kujaribia ni miinuko ya Tarime au Ngara.

Hata huko juu, wengi hukwama kwenye vinundu. Mikunde hupata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi, na klova za Afrika huchagua sana bakteria wao. Pakiti ya bakteria wa soya au maharage haisaidii kitu, na wale wa klova za Ulaya mara nyingi huunda vinundu visivyofanya kazi. Wiki ya sita hadi ya nane, chimbua mche taratibu (usiung'oe, vinundu vitabaki ardhini) upasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kazi inaendelea. Cheupe au kijani ni mzigo tu, na majani yatakuwa ya njano.

Mbegu ni ndogo na ganda lake gumu. Isugue kidogo kwa msasa, ipake bakteria kwa maji ya sukari kivulini, kisha ipande siku hiyohiyo, kwa sababu jua huwaua. Kilo 1 hivi inatosha ekari. Usiifukie zaidi ya sentimita 1. Ikizama zaidi haitoki. Fosforasi ikipungua vinundu hudumaa, na kwenye udongo wenye tindikali mbolea ya Minjingu, ya mawe yenye fosforasi, inafaa.

Ng'ombe huipenda kupita kiasi. Akiingia na njaa kwenye klova changa yenye umande, tumbo hujaa gesi na anaweza kufa siku hiyohiyo. Mpe nyasi kavu kwanza, au panda klova pamoja na nyasi za kikuyu.

Aliye Mwanza anayetaka mkunde wa kurutubisha shamba atafute mmea uitwao marejea (Crotalaria). Wakulima wa kisiwa cha Ukara wameijua siku nyingi: huipanda ndani ya uwele, kisha huifukia ikiwa mbichi iwe mbolea. Hiyo joto la ziwani haliisumbui.