Kipaumbele 1 hakimaanishi unapewa intaneti yote

Miaka mingi nasikia mafundi wa netiweki hapa Kampala wakisema eti ukiipa foleni (kundi la matumizi ya intaneti linalopangiwa kasi yake) kipaumbele 1 kwenye ruta ya MikroTik, hiyo inakula kwanza mpaka ishibe na wengine wanabaki na makombo. Hapana jamani, haiko hivyo.

Ruta inaanza na kima cha uhakika, ile limit-at, kila foleni inapewa chake kwanza, iwe ya kipaumbele 1 (cha juu kabisa) au 8 (cha chini kabisa). Kipaumbele kinaingia baadaye tu, kwenye kugawa kilichobaki, hapo ndo mwenye 1 anatangulia mpaka afike max-limit yake, yaani kikomo cha mwisho.

Chukua kafe ya Wandegeya yenye laini ya megabiti 11, foleni mama, ile inayozibeba foleni zote, umeifunga kwa 10. Simu za WhatsApp: kipaumbele 1, uhakika 2, mwisho 10. Kudaunilodi: kipaumbele 8, uhakika 6, mwisho 10. Jioni wanafunzi wa Makerere wamejaa, kila foleni inataka yote, simu zinapata 2, daunilodi 6, zile 2 zilizobaki zinaenda kwa simu, basi ni 4 kwa 6, yaani mwenye 8 bado kamzidi mwenye 1! Shusha uhakika wa daunilodi uwe 2, simu zinapanda mpaka 8.

Na hiyo foleni mama usiiandikie 20 wakati laini ni 11, maana msongamano utajikusanya kwa mtoa huduma, ruta yako itaona nafasi ipo tele na haitamtanguliza yeyote.